Kichwa cha Euro 5 kwa mtu wa gari moja: kinalipa kweli?

Mzee wa Tela, Tanga
Wakuu, salaam. Nina kichwa kimoja cha Scania, cha zamani, Euro 3 (hizi Euro ni viwango vya Ulaya vya moshi wa gari; namba ikipanda, moshi unatakiwa kuwa safi zaidi). Navuta saruji kwenda Moshi na Arusha. Kurudi nikipata mahindi au vitunguu Alhamdulillahi, nisipopata nashuka mtupu. Sasa dalali ananishawishi ninunue kichwa cha Euro 5 kutoka Ulaya. Bei imechangamka. Anasema sheria ya moshi ikikazwa, hili langu nitalifugia kuku.

Mpwa wangu aliyeko California ndiye aliyenitia hofu zaidi: eti kule wenye lori moja moja wameuza wakaenda kuajiriwa. Ninachouliza ni kimoja: gharama ya hiyo mitambo ya kusafisha moshi huwa anaibeba nani? Nauli ya tani mimi sipangi, napangiwa.

Fundi wa Majani Mapana
Shikamoo mzee. Kwanza ujue ni Euro 5 ipi. Scania walitoa za namna mbili: moja inarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini na haitumii AdBlue, yale majimaji ya kusafisha moshi, nyingine inatumia. Tazama pembeni, ukiona tangi dogo lenye kifuniko cha bluu, ni hiyo ya pili. Kila lita 100 za dizeli itakunywa AdBlue lita 4 hadi 6 hivi. Ile ni urea asilimia 32.5, iliyobaki maji yaliyosafishwa. Wapo wanaokoroga mbolea ya shamba na maji ya bomba! Nozeli inaziba, kompyuta inashtuka, inakata nguvu ya injini, nawe una tela limejaa. Wengine wanakuja gereji tuuzime mfumo kabisa. Gari litatembea, ila umelipia usafi halafu umeutupa.

Euro 6 usiiguse. Ina kichujio cha masizi kilichotengenezewa dizeli ya Ulaya, salfa isiyozidi 10 kwa milioni. Afrika Mashariki kiwango chetu ni 50 tangu 2015, na hapo sijataja dizeli ya madumu ya njiani.

Mtanga wa Long Beach
Mzee, mpwa wako hajadanganya. Tangu 1 Januari 2023, California karibu kila lori la dizeli linalozidi pauni 14,000 (tani sita na kitu) lazima liwe na injini ya 2010 au mpya zaidi, la sivyo halisajiliwi. Kampuni kubwa hubadilisha magari kila baada ya miaka michache, sheria iwepo isiwepo. Mwenye lori moja hununua lile walilolichoka wao, basi kila sheria mpya inamkuta yeye.

Ila swali lako la nani anabeba lina jibu huku. Bandari za Los Angeles na Long Beach tangu Aprili 2022 zinatoza dola 10 kwa kontena la futi 20 lenye mzigo, 20 kwa la futi 40, na anayetozwa ni mwenye mzigo. Fedha hizo zinasaidia kununua malori safi. Haitoshi, lori la umeme bado ni ghali mno, lakini angalau bili haikuanzia kwa dereva.

Dada wa Mizigo
Mimi natafutia watu magari hapa bandarini Tanga. Kaka yangu, hakuna mteja atakayekuongezea hata mia kwa sababu ya moshi msafi. Wanachouliza ni gari linakwama au halikwami, na linabeba tani ngapi bila kugombana na mzani. Kwa hiyo faida yako itoke kwenye dizeli: kama hicho kichwa hakinywi pungufu ya cha sasa kwa safari ya Arusha, hata ukijumlisha AdBlue, kiache.

Na hilo la kupangiwa nauli, mnajitakia. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina yake. Kaeni wenye gari moja moja, mdai nauli ipande na kushuka na bei ile. Mkija kumi nitawasikiliza. Ukija peke yako nitampigia mwingine.

Mzee wa Tela, Tanga
Ahsanteni. Nimekwenda kukitazama, kifuniko cha bluu kipo. Taa ya injini kwenye dashibodi haizimiki. Dalali anasema ni balbu tu.

Fundi wa Majani Mapana
Balbu mbovu haiwaki, mzee. Mwambie akilete nikipime kwa kompyuta kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.