Château d'Yquem: kwa nini mzabibu mmoja utoe glasi moja tu?

Kishada
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu Château d'Yquem, shamba la mvinyo mtamu la Sauternes, kusini mwa Bordeaux, Ufaransa. Inasemwa mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu ya mvinyo, na ipo miaka ambayo hawatoi chupa hata moja. Ni mbinu ya kupandisha bei, au sababu iko shambani? Na utamu ule unabakije bila kuongeza sukari, wakati hamira huila?

Mkamuzi
Mkuu, bei wanapandisha, hilo halina ubishi, ila chanzo ni maji. Mvinyo huu unategemea kuvu, Botrytis cinerea. Kuvu hiyo hutoboa ganda la zabibu iliyokwisha kuiva, maji yanatoka kama mvuke, punje inasinyaa, sukari na asidi zinabaki zimekolea.

Mto Ciron una maji baridi. Unapoingia mto Garonne, wenye maji ya vuguvugu, ukungu hutanda alfajiri za Septemba na Oktoba. Kiswahili kimelipatia hili: ukungu wa hewani ndio unaozaa ukungu wa kwenye zabibu. Lakini mchana lazima jua na upepo vikaushe vishada. Unyevu ukikaa kutwa, kuvu ile ile inakuwa uozo wa kijivu, ganda linapasuka, bakteria wa siki wanaingia. Kishada kikishanuka siki hakina dawa, kinatupwa.

Tena kuvu haishiki punje zote siku moja. Wavunaji hupita mistari ile ile mara tano, sita, wakichukua zilizosinyaa tu na kuacha nyingine zingoje. Mwisho wa yote, hekta moja hutoa kama lita 900. Sheria ya Sauternes inaruhusu 2,500.

Pipa225
Nijibu la utamu. Zabibu ni Semillon kwa kiasi kikubwa, kama robo tatu au zaidi, iliyobaki Sauvignon Blanc. Semillon ina ganda jembamba, kuvu inaingia kirahisi.

Wanalenga maji ya zabibu yenye sukari ya kutosha kutoa kileo cha asilimia 20, kama ingechachuka yote. Gramu 17 hivi kwa lita hutoa asilimia moja, kwa hiyo tunazungumzia gramu 340. Hamira huchoka ikifika asilimia 13.5 au 14: kileo kimezidi, sukari inaibana, na kuvu yenyewe imeacha vitu vinavyoidhoofisha. Asilimia sita zisizochachuka ni zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita. Ndiyo utamu wenyewe.

Kosa liko pande zote mbili. Ukivuna kwenye asilimia 17, hamira inaweza kula karibu yote, unabaki na mvinyo mkali usio na utamu wa maana. Ukingoja hadi asilimia 25, hamira inakata tamaa mapema, kileo kinabaki chini, mvinyo unakuwa mzito kama sharubati.

Kukamua nako kuna kinyume chake. Kwa mvinyo mweupe wa kawaida, mkamuo wa kwanza ndio bora. Hapa wa mwisho hutoa maji machache lakini matamu kuliko yote. Lazima ukamue taratibu: chini ya ganda kuvu imeacha utando wa glukani, kitu kinachonata, na ukitumia pampu kwa fujo unayeyukia ndani na kuziba vichujio. Kuna pia kimeng'enya cha lakasi kinachogeuza rangi kuwa kahawia. Ndiyo maana salfa inahitajika kwa wingi, na Ulaya inaruhusu hadi miligramu 400 kwa lita kwa mvinyo wa aina hii, mara mbili ya mweupe mkavu, yaani usio na utamu. Uchachukaji wenyewe hufanyika ndani ya mapipa mapya ya mwaloni ya lita 225.

Kishada
Shukrani, wakuu. Na familia ya Lur-Saluces ndiyo iliyoanzisha shamba?

Mkamuzi
Hapana. Familia ya Sauvage ilikuwapo tangu 1593. Lur-Saluces waliingia kwa ndoa ya Françoise Joséphine de Sauvage mwaka 1785. Mumewe alifariki 1788, na mjane huyo akaendesha shamba miaka mingi; ghala la mapipa alilijenga 1826. Kabla ya hapo, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikwisha agiza chupa 250 za mavuno ya 1784. Mwaka 1855 Yquem ikapewa daraja lake peke yake, Premier Cru Supérieur, juu ya majirani wote wa Sauternes. LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, ilichukua udhibiti mwaka 1999.

Pipa225
Naongeza kuhusu miaka mitupu: 1910, 1915, 1930, 1951, 1952, 1964, 1972, 1974, 1992 na 2012. Mara nyingi mvua hufika katikati ya mavuno, kuvu inaharibika, au sukari haikolei. Mapipa huonjwa moja moja, na lisilofaa huuzwa kwa jumla bila jina la shamba. Usichanganye na Ygrec, mvinyo wao mkavu ulioanza 1959. Huo una chupa na lebo yake, hautokani na mapipa yaliyokataliwa.