Mapambio tunayoimba yapimwe kwa Neno au yaachwe tu?

Wapendwa wa Mbeya na Iringa nauliza kwa uchungu kabisa, hivi wimbo wa kuabudu unatakiwa kupimwa kama mahubiri yanavyopimwa, au ukishakuwa na mdundo mzuri na watu wakalia basi umepita? Mi nasema upimwe.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu huku Uyole tumeimba pambio moja karibu dakika 20, maneno yote ni mwaka huu napokea, adui zangu wataona, mi ni kichwa. Benchi la mbele yangu kulikuwa na mama kamzika mwanae wiki ile ile. Alisimama na sisi, akaanza kuimba, akanyamaza, akakaa. Nikajiuliza huyu mama tumempa nini cha kuimba leo? Wakati Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ya 88 inaishia gizani kabisa, na zote ni nyimbo jamani. Hiyo sauti sisi tumeifuta.

Kuna ndugu wa timu ya sifa ananiambia nyimbo ni za moyoni, ukianza kuzichambua unamzimisha Roho. Hapana ndugu yangu, Paulo anasema ataimba kwa roho na kwa akili pia, na Wakolosai 3:16 inasema tunafundishana na kuonyana kwa nyimbo, sasa kama ni mafundisho kwanini yasipimwe? Na wa kale walijua nyimbo zinafundisha: wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe 1891, watangulizi wao kule Bohemia (Ulaya) walishachapa kitabu cha nyimbo tangu 1501, kabla hata ya hoja za Martin Luther zilizoanzisha Uprotestanti. Bibi yangu hakujua kusoma ila habari ya msalaba alikuwa nayo yote kwenye tenzi, anaimba huku anapalilia viazi.

Hili la maadui ndo gumu, nakubali Zaburi nazo wamo, ya 109 ni kali kweli. Ila pale mtu anamshitaki adui kwa Mungu anamwachia. Pambio zetu zinakuacha ukamtafute mwenyewe, na huku kwetu tunajua anaishia kuwa nani, ni shangazi au yule bibi jirani, mwisho ukoo hausalimiani.

Walimu wa kwaya, nyie nyimbo mnazichaguaje? Mchungaji anayaona maneno kabla, au anayasikia na sisi siku hiyo hiyo?