Tupeane uzoefu: kuweka Windows upya kwa CD ya mtu

Kipwani_Tudor: Salaam aleikum jamani. Laptopu ya kakangu, Dell ya zamani ya Windows 7, inaganda kwenye nembo tu, haipiti hapo. Jirani ametuazima CD iliyokuja na mashine yake. Waliowahi kufanya hivi, ilikuwaje?

Bahari_Kuu: Umenikumbusha mbali. Binamu yangu aliniletea CD ya Windows 7 kutoka Oman. Ikakubali vizuri, lakini kuwaka, kila kitu Kiarabu! Kitufe cha kuanzia kimehamia kulia, saa iko kushoto. Msahafu nausoma, alhamdulillahi, ila kutafuta mipangilio ya mtandao kwa Kiarabu ni kazi ya mchana kutwa. Na ilikuwa toleo la Home Premium, haibadilishi lugha. Ultimate ndiyo iliyoruhusu. Nikaanza upya na CD nyingine. Tazameni lugha kabla ya yote.

Mja_wa_Kibokoni: La Kiarabu limempata na shemeji yangu. Vile vile.

Fundi_Majengo: Kipwani, CD ya jirani si tatizo, leseni haikai kwenye CD. Geuza laptopu, chini kuna stika yenye herufi na tarakimu 25. Ipige picha sasa hivi kabla jasho la mapaja halijaimaliza. B na 8 zikifutika nusu utazichanganya. Toleo liwe lile lile: stika ikisema Professional, usitie Home. Mashine za kuanzia Windows 8 hazina shida hiyo, namba imo ndani ya ubao mkuu wa mashine yenyewe.

Haki_Yake: Fundi, unafundisha watu wizi. CD ya mtu ni mali ya mtu.

Fundi_Majengo: Jirani amewaazima kwa hiari yake, na kakake alinunua mashine ikiwa na leseni yake. Nani kaibiwa hapo? Wizi ni vile viprogramu vya kuvunja kufuli mnavyouziwa mitaani, navyo ndivyo vinavyoleta virusi.

Haki_Yake: Bado nasema anunue yake.

Mweka_Hazina: Nimesoma haya moyo ukanienda mbio. Kikundi chetu cha kina mama huku Kisauni, hesabu zote zilikuwa kwenye laptopu ya kikundi, upande wa D wa diski, si C yenye Windows, kwa sababu tuliambiwa Windows ikiharibika D haiguswi. Ikaharibika. Kijana wa mtaani akaja na CD ya rafiki yake mwenye mashine sampuli moja na yetu. Kumbe ile haikuwa CD ya Windows tupu, ilikuwa ya kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani. Ile haijui C wala D, inafuta diski nzima na kuigawa upya. Tumekaa tunatazama ule mstari unasogea, kijana anakunywa chai kwa mahamri, na jasho la watu linakwenda. Ilipowaka, D tupu.

Mkutano wa Jumamosi ile sitausahau. Mmoja akasimama mbele ya wote: "Mashine haikuharibika. Imefutwa." Jina langu hakulitaja, lakini nani asiyejua funguo za hesabu anashika nani? Wenzangu niliokuwa napika nao pilau za harusi, hakuna aliyeinua uso. Mume wangu akasema nilipe yaishe. Nikakataa, maana kulipa ni kukubali.

Aliyenisitiri ni binti mmoja mwenye kibanda cha kompyuta karibu na Marikiti. La kwanza aliniuliza: imetumika tangu ifutwe? Haikuwa imetumika. Akaitoa diski, akaiunga kwa waya kwenye mashine yake, akatia PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizofutwa, ikatafuta usiku kucha. Asubuhi kuna faili chungu nzima zisizo na majina, f na tarakimu ndefu tu. Tukafungua moja moja. Kasida, mialiko ya harusi, barua za zamani. Adhuhuri inakaribia ikafunguka moja ina majina yetu yamepangana, michango ya Ramadhani, na kile kisanduku nilichokipaka manjano cha mwenye deni. Nililia pale pale kibandani. Nikachapisha, nikampa kila mmoja karatasi yake mkononi.

Mja_wa_Kibokoni: Subhanallah. Pole mamangu.

Mtu_wa_Changamwe: Lakini mama, hesabu za watu unaziwekaje pahali pamoja bila nakala?

Bahari_Kuu: Wewe kijana, adabu. Mzazi anaeleza lililomfika.

Mtu_wa_Changamwe: Simkosei, nauliza kwa uchungu. Na sisi kikundi chetu ni hivyo hivyo.

Zuhura_K: Na yule aliyesimama, alikuomba radhi?

Mweka_Hazina: Alikuja kwangu na sahani ya kaimati. Nikampokea.

Fundi_Majengo: Zile CD za kiwandani hutoa onyo kabla ya kufuta. Yule kijana alibonyeza bila kusoma. Wengine wanatuharibia kazi.

Nahodha_Likoni: Kipwani, ukiweka Windows usifomati, yaani usiifute diski. Chagua ile ile, iache, vya zamani vitaingia kwenye folda ya Windows.old.

Zuhura_K: Mimi nasema ifomatiwe, virusi vibaki huko huko.

Mtu_wa_Changamwe: Na chaja iwe kwenye stima na betri iwe nzima. Stima ikipotea katikati, utafanya dua zote unazozijua.

Kipwani_Tudor: Sasa nimeogopa. Tuna picha za marehemu baba mle ndani. Nifanyeje kwanza?

Fundi_Majengo: Usitie CD yoyote bado. Tafuta flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kuwekwa kwenye diski; chagua ile ya kujaribu, si ya kuweka. Fungua diski ya kakako, nakili picha kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye mashine nyingine uhakikishe zinaonekana. Na kwa kuwa Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu Januari 2020, ukimaliza kuziokoa tuzungumze kama kuna haja ya kuirudisha.

Nahodha_Likoni: Flashi ya Ubuntu ninayo. Nikivuka kesho nitakuletea hadi Tudor.