Naombeni ushauri: nitajuaje kama waya yangu ya hereni ni fedha kweli?

Fundi_Katuba: Wakubwa, habari za usiku. Natengeneza hereni na bangili za waya hapa Lubumbashi. Siku zote nafanya shaba nyekundu, safari hii nimepata waya nyeupe, unene milimita 1, bunda la mita 10. Sumaku haishiki. Je, hiyo inatosha kusema ni fedha? Nina haraka kidogo.

Sonara_Kamalondo: Sumaku imekuambia si chuma, basi. Shaba haishikwi, aluminiamu haishikwi, fedha haishikwi. Kwangua ncha kwa tupa mpaka ndani. Ikitoka nyekundu, ni shaba iliyopakwa. Halafu pima bunda zima. Mita 10 za fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, kwa unene huo ni kama gramu 81. Shaba, 70. Aluminiamu haifiki 22.

MamaMapacha: Hereni nilizovaa harusini ziliniacha na masikio ya kijani. Mume akasema ameoa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Miaka 11 sasa, bado ananiita hivyo mbele ya wageni.

Mzee_wa_Musompo: Peleka kwenye depo ya madini, wanayo Metorex, kile kifaa cha kupimia kiasi cha madini. Ila chunga! Kolwezi nilipeleka mfuko, depo ya kwanza ikasema una madini asilimia 1, ya pili ikasema 3. Mfuko ule ule! Siku hiyo nilikuwa na shemeji, pikipiki ikaisha mafuta njiani, mvua ikaanza, sasa shemeji...

Sonara_Kamalondo: Mzee, pikipiki tutaisukuma kesho. Fundi, haraka ya nini?

Fundi_Katuba: Kuna mteja Ubelgiji. Pea 30. Nimeshasuka 22.

Sonara_Kamalondo: Na umemwambia ni nini?

Fundi_Katuba: Vikaratasi nimeandika "fedha 925". Lakini sikudanganya! Muuzaji alisema ni fedha ya Kijerumani. Nikajua vitu vya Wajerumani ni imara, angalieni magari yao. Na avansi dola 60 imeshakwenda kwa ada ya mtoto. Nifanyeje, nimtoe mtoto darasani?

Sonara_Kamalondo: Ndugu yangu. Fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Ndiyo ile Wafaransa wanaita maillechort. Na nikeli ndiyo inayowasha watu masikio mpaka yanatoa maji. Ulaya wana sheria: kipande kinachopita kwenye tundu la sikio kisitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki.

Dada_Neema: Mithali 11 imesema kuhusu mizani ya hadaa. Rudisha makuta ya watu.

Fundi_Katuba: Dada, ada utanilipia wewe?

Jicho_la_Tatu: Hii ni chai. Akaunti ya juzi, picha hakuna. Mwaka jana kulikuwa na uzi wa bangili za Bukavu, mteja naye yuko Ubelgiji. Na kama pea 22 zimeshasukwa, hilo bunda la mita 10 la kupima limetoka wapi?

Mzee_wa_Musompo: Eeh! Hapo kuna neno.

Fundi_Katuba: Nilinunua mabunda mawili, jamani. La pili sijalifungua. Ngojeni.

Fundi_Katuba: Nimerudi. Gramu 68. Ncha nimekwangua, ndani ni nyeupe vilevile, ila ina unjano kidogo.

Jicho_la_Tatu: Mizani ya gramu umeipata saa nne ya usiku?

Fundi_Katuba: Ya dada yangu, anapimia hamira ya keki. Ina unga mpaka kwenye vitufe. Hata sasa ananiuliza nimeipeleka wapi.

Sonara_Kamalondo: Unga huo hauwezi kutungwa, mimi namwamini. 68 iko chini hata ya shaba, na ndani hakuna wekundu. Si fedha, Fundi. Mwandikie mteja leo, kabla hujasuka zile 8.

Fundi_Katuba: Nikibadilisha ndoano tu? Niweke za fedha halisi, maua yabaki ya waya hii. Maana sikio linagusa ndoano. Na kikaratasi cha 925 kibaki, kwa kuwa ndoano ni 925.

Sonara_Kamalondo: Ndoano badilisha, na chini andika maillechort, ajue. Ua nalo linagusa shingo. Kikaratasi choma.

Fundi_Katuba: Vyote 30?

Jicho_la_Tatu: Piga picha vikiungua.

MamaMapacha: Fundi, zile za shaba nyekundu bado unazo? Niwekee pea moja. Malakiti ameshazoea.