Shule imeruhusu simu darasani, watoto wetu hawaandiki tena! Wazazi wa Malindi mko wapi?

Wazazi wenzangu, nimenyamaza muhula mzima, leo siwezi.

Mwanangu yuko gredi ya nane, shule ya kulipia hapa hapa Malindi. Tuliambiwa kila mtoto aje na tableti au simu, eti masomo sasa ni ya kidijitali. Tukanunua, wengine kwa mkopo. Juzi nimefungua daftari lake la sayansi. Kila ukurasa una tarehe, kichwa cha somo kimepigiwa mstari mwekundu, chini yake sentensi mbili, basi. Mbona huandiki? "Mwalimu anaturuhusu tupige picha ubao." Picha zipo kweli, zimechanganyika na video za mpira, na tangu azipige hajazirudia. Nikamwambia anieleze mmea unavyojitengenezea chakula. Akaanza kutafuta kwenye simu!

Na msidhani ukimnyima wako simu umemwokoa. Katika PISA ya 2022, mtihani wa OECD (shirika la nchi nyingi tajiri) kwa wanafunzi wa miaka 15 (Kenya haimo), wanafunzi 59 kwa kila 100 walisema katika baadhi ya vipindi vya hisabati huvurugwa na vifaa vya WENZAO. Hao walipitwa kwa alama 15 na wale wasiovurugwa. Mwenye simu dawati la mbele anamponza na wa nyuma yake.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Jibu: "Mama, dunia imebadilika." Imebadilika vipi, ikiwa Ufaransa tangu 2018 wana sheria ya kuzuia simu shule za msingi na za kati? Wao hawana intaneti?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba akili mtoto anayo. Jioni anakwenda chuoni kusoma Kurani, simu nabaki nayo mimi, anaishika juzuu mpaka aya anaisoma bila kutazama. Ni mtoto huyohuyo!

Kompyuta siipingi. Iwe na kipindi chake, mwalimu akiwepo, kisha ifungwe. Ninachotaka ni simu zikusanywe ofisini asubuhi na watoto waandike kwa mikono yao.

Naandika barua kwa bodi ya shule wiki hii. Mwenye mtoto pale anitumie ujumbe tuitie sahihi pamoja. Na nyinyi wa Watamu, Mambrui na Gongoni, shuleni kwenu simu hukaa wapi wakati wa kipindi?