Naomba ushauri: kila idara inadai mahitaji yake ni ya lazima

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Ninachambua mahitaji ya mfumo wa maombi ya likizo za wafanyakazi, na kila mkuu wa idara niliyemhoji anasisitiza kwamba aliyoyaomba yeye lazima yawemo katika toleo la kwanza. Orodha yenyewe ni mchanganyiko: kutuma ombi, ripoti za mwezi, rangi za kurasa, hata sentensi isemayo tu "mfumo uwe wa haraka". Nianzie wapi?

Mchambuzi_Mifumo
Ndugu, tenganisha kwanza aina ya hitaji na kipaumbele chake. Kutuma ombi ni hitaji la kiutendaji, yaani jambo ambalo mfumo unalifanya. Kasi na usalama ni mahitaji ya ubora, yanayoeleza unalifanya vipi. Hilo la "haraka" halipangiki popote mpaka lipimike, kwa mfano ukurasa ufunguke ndani ya sekunde 2 watu 200 wanapoutumia kwa pamoja.

Kuhusu kipaumbele, iko mbinu ya MoSCoW, aliyoibuni Dai Clegg mwaka 1994, yenye makundi manne: ya lazima, yanayopasa kuwemo, yanayoweza kuwemo, na yasiyofanywa kwa awamu hii. Usimwulize mtu kama hitaji lake ni muhimu, kwani jibu unalijua. Mwulize kazi itaendeshwaje siku ya kwanza iwapo toleo litatoka bila hitaji hilo. Akikutajia njia mbadala, hata iwe ya kuchosha, basi si la lazima.

Mleta mada
Nashukuru, mkuu. Na wakishikilia kwamba njia mbadala haipo?

Mjenzi_Programu
Hapo waletee makadirio. Mwongozo wa DSDM, utaratibu wa kuendesha miradi ya programu kwa awamu, unashauri kazi ya mahitaji ya lazima isizidi asilimia 60 ya kazi yote, ili yaliyobaki yaweze kuachwa makadirio yanapokosea. Wakutanishe wote mbele ya mwenye bajeti, la sivyo utageuzwa hakimu wa ugomvi wa idara, kazi ambayo hukuajiriwa kuifanya. Chunguza pia utegemezi: ombi haliwezi kuidhinishwa bila mfumo kujua msimamizi wa kila mfanyakazi, na nina hakika hakuna idara iliyoomba orodha ya wasimamizi hao.

Mchambuzi_Mifumo
Ongeza na suala la nani anaruhusiwa kusoma sababu za likizo ya ugonjwa. Nalo halina mwombaji, lakini ni la lazima kuliko ripoti zote za mwezi.