Mdogo wangu kapangiwa Tabora Boys, mama hataki kusikia. Wenye kuijua shule na mji naombeni ushauri

binti_muheza (mleta uzi)

Habarini wadau. Wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu wa kiume kamaliza kidato cha nne shule ya kata huku kwetu Muheza, Tanga. Kafaulu vizuri, wa kwanza shuleni, na uchaguzi wa TAMISEMI umempeleka Tabora Boys, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu). Yeye tangu siku ile hatulii, kamaliza hadi kuchora ramani ya njia nyuma ya daftari. Tatizo ni mama. Kaipokea habari kama ya msiba. Anauliza Tabora ni wapi, nani tunamjua huko, mtoto akiugua usiku nani atamwogesha. Mtoto mwenyewe ana miaka 17 na ndevu zinaanza.

Mjomba naye kaongeza kuni kwenye moto. Anasema yupo tayari kulipa shule binafsi ya kutwa Tanga mjini, mtoto alale nyumbani. Baba hayupo, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito.

Mimi ndiye niliyesoma kidogo, wote wananitazama mimi, na Tabora sijawahi kufika. Naomba mnisaidie: shule ile ikoje, mji wenyewe na watu wake wakoje, na je, ni busara kumng'ang'ania mama au nimwache mjomba alipe? Muda wa kuripoti unakaribia.

Kidume_cha_Pwani

Tabora tena? Huko mtoto anakwenda na tahasusi ya PCM anarudi na ya mitishamba. Mwache alale kwa mama yake.

msafiri_wa_reli

Puuza huyo wa juu. Mambo ya uchawi wa Tabora ni utani wa mabasi. Mchawi wa PCM anaitwa Hesabu na yupo kila mkoa.

Mimi nimesoma pale zamani kidogo, enzi ambazo safari ilikuwa treni tu. Nilipandia Morogoro na sanduku la bati ambalo baba alilipaka jina langu kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikageukia upande wa pili. Dodoma tunafika watu wamelala juu ya mizigo. Saranda wote tunaamka kwa harufu ya kuku. Akina mama wanapitisha mabeseni madirishani, unalipa huku treni inaondoka. Baada ya Itigi ni miyombo, miyombo, miyombo, hadi unadhani dereva kapotea. Malongwe, Goweko, Igalula, halafu miembe inaanza kuwa mingi, na hapo ndipo mtu wa Tabora anapoanza kushusha mzigo.

Kuhusu shule, ni ya serikali, ya bweni, ya wavulana, na ni kongwe. Waingereza waliianzisha miaka ya 1920, mwanzoni hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937, akatoka 1942 kwenda Makerere. Siku ya kwanza unapopita chini ya yale majengo ukijua hilo, hata mgongo unanyooka wenyewe. Ila nikuambie ukweli, baada ya wiki mbili unasahau Nyerere, unakumbuka foleni ya chakula, kama shule yoyote ya bweni.

binti_muheza

Kaka umenichekesha hiyo ya herufi. Hizo habari za Nyerere nimemsomea mama, kajibu: "Nyerere alikuwa mtoto wa chifu, wangu ni wa muuza machungwa."

mwl_wa_serikali

Mama ana hoja, lakini ni ya 1937. Leo mtoto wa muuza machungwa anaingia kwa alama zake.

Dada, mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali, si ya hapo Tabora. Nikupe mambo ambayo wengi hawaelezi.

Tabora Boys ipo kwenye kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na jirani yao Tabora Girls. Maana yake si kwamba ukuta una akili. Maana yake ni kwamba aliyelala kitanda cha juu na aliyelala kitanda cha chini wote walikuwa wa kwanza walikotoka. Hiyo ndiyo faida yenyewe: swali linalomshinda mwalimu saa nane mchana, kuna mtoto analitatua saa nne usiku kwa kijiti cha chaki sakafuni.

Lakini hiyo hiyo ndiyo hatari, na hapa naomba unisome vizuri. Mdogo wako amekuwa wa kwanza miaka minne. Mtihani wa kwanza huko anaweza kuwa wa hamsini na kitu. Nimewaona watoto wa aina hiyo, nimefundisha baadhi yao. Hawalii. Wananyamaza. Wanaacha kupiga simu nyumbani, wanaanza kusema Fizikia haina maana, wengine wanaomba wabadilishwe tahasusi wiki ya sita. Mtoto hajawa mjinga; ila hajawahi kushindwa na mtu wa rika lake, hajui mtu akishindwa anafanya nini kesho yake asubuhi. Kwa hiyo kabla hajapanda basi, wewe dada yake mwambie kwa kinywa chako: ukiwa wa hamsini nipigie simu siku hiyo hiyo. Kama haambiwi, atadhani ni aibu ya kuficha.

Na muda ni mfupi. Anaingia Julai, na mtihani wa mwisho wa NECTA (Baraza la Mitihani) anafanya Mei, kabla miaka miwili haijatimia. Toa likizo, hesabu mwenyewe. Hakuna nafasi ya kuhangaika na uhamisho miezi mitatu.

Kuhusu ya mjomba: pesa ni zake, lakini kidato cha tano na cha sita shule za serikali ada ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mnabaki na nauli, vifaa na matumizi. Hiyo pesa ya ada ya shule binafsi ingemlipia nauli na kompyuta ya kuanzia chuo. Na jambo moja: asiporipoti katika muda uliotajwa, nafasi anapewa mwingine. Msiache muda upite mkibishana.

Mama_Wawili

Mimi ningetaka kujua matokeo kwanza kabla ya sifa za zamani. Jina kongwe halifundishi.

mwl_wa_serikali

Uko sahihi, mama. Tangu 2023 NECTA haitangazi tena orodha ya shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yapo wazi kwenye tovuti yao. Dada afungue ya kidato cha sita, miaka mitatu mfululizo, na asitazame wastani wa shule nzima. Atazame wale wenye Fizikia, Kemia na Hesabu tu, mtahiniwa kwa mtahiniwa, halafu aiweke pembeni ile shule ya mjomba afanye vivyo hivyo. Saa moja inatosha.

mkaazi_kanyenye

Mwangaluka wote.

Mmeongea shule, mji mmeusahau. Nipo Tabora, nimezaliwa hapa, ngoja nimjibu mama yake moja kwa moja maana naona ndiye mwenye shauri.

Shikamoo mama. Tabora si porini. Manispaa hii ni mji wa zamani kuliko miji mingi unayoijua. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapumzikia hapa, ndiyo maana hadi leo utakuta Kanyenye, Gongoni na Ng'ambo watu wanaongea Kiswahili ambacho mtu wa Tanga hatakicheka. Wapagazi Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo kuja huko kwenu pwani, na utani baina yetu ulianzia njiani. Kwa hiyo mwanao akifika akasema anatoka Tanga, jiandae, atataniwa kuanzia stendi. Asikasirike. Akijibu utani kaisha kuwa mwenyeji.

Ni mji wa wanafunzi. Tabora Boys, Tabora Girls, Chuo cha Reli, Chuo cha Ufugaji Nyuki, Uhazili, chuo kikuu cha Wakatoliki AMUCTA. Mtu wa hapa akimwona kijana wa sare anatembea juani anamwita apumzike kivulini, maana nyumba nyingi zimewahi kupangisha au kulea mwanafunzi. Misikiti na makanisa yapo ya kutosha, mtoto hatapotea dini. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, ipo humu humu mjini.

Yasiyofurahisha nayo nayasema. Malaria ipo, mkoa wetu ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo chandarua si cha kuandikiwa kwenye fomu tu, kitumike. Jua la Oktoba ni kali kabla mvua hazijafungua Novemba. Na Julai atakapofika, usiku ni baridi ambayo nyie wa huko hamuijui, asubuhi vumbi kavu, midomo inapasuka. Sweta na mafuta. Maji zamani yalikuwa kilio cha mji mzima, sasa ya Ziwa Victoria yametufikia, nafuu ni kubwa.

binti_muheza

Marhaba kwa niaba yake, maana yupo hapa pembeni ananisikiliza nikisoma. Kauliza swali moja tu: hao watu wa Kanyenye wanajuana na shule?

mkaazi_kanyenye

Mwambie shule na mji ni kitu kimoja. Hata historia hazitenganishwi. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani, na watoto wa hapa wanajua habari hiyo kabla hawajajua kusoma. Nyerere alipotoka Makerere alirudi mji huu huu kufundisha St. Mary's. Halafu 1958 TANU ikakutana hapa hapa kuamua kama waingie kwenye ule uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia), ndiyo ule Uamuzi wa Busara. Kijana anayependa historia ana mahali pa kutembelea Jumapili akiruhusiwa; nyumba aliyokaa Livingstone ipo Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini.

Kidume_cha_Pwani

Haya, nimenyamaza. Na asali?

mkaazi_kanyenye

Asali tunayo, lakini wewe tutakuuzia ya bei ya uchawi.

mzazi_aliyepitia

Dada, naongeza la vitendo maana mimi nimempeleka wangu bweni mkoa wa mbali. Shule yenyewe siitaji, si hiyo. Kosa langu lilikuwa kumpeleka siku ya mwisho. Tulifika jioni, wenzake wamekwisha kuchagua vitanda na marafiki, akabaki karibu na mlango. Muhula mzima alikuwa "yule wa mlangoni". Mpelekeni siku ya kwanza.

Njia: kutoka Muheza mnakwenda Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma. Msijilazimishe kufika siku moja, laleni Dodoma. Ukitaka kumfurahisha, Morogoro hadi Dodoma mpande treni ya umeme. Kutoka Dodoma basi linapita Manyoni na Itigi hadi Tabora, lami siku hizi ni moja kwa moja. Msipite Singida na Nzega mtu akikushawishi, mnazunguka.

Fomu ya kujiunga ichapisheni, isomeni wote wawili, mnunue kilichoandikwa na si anachosema muuza duka. Sanduku lenye kufuli mbili, si moja. Vitu vyote viwe na jina, hadi ndoo. Pesa ya mkononi kidogo tu.

Na mama aende naye. Hili ndilo ninalokushauri kuliko yote. Mama asiyeona kitanda atakikosea usingizi miaka miwili.

mwl_wa_serikali

Hapo kwenye mama kwenda, nauunga mkono kwa mikono miwili. Nauli ya mtu mmoja zaidi, mjomba si anataka kulipa kitu?

binti_muheza

Narudi na mrejesho. Jana usiku tumekaa na dogo tukafungua matokeo kama mwalimu alivyoelekeza, shule zote mbili, miaka mitatu, PCM tu. Mjomba alikuwa anatazama kwenye bega langu. Hakusema kitu. Baadaye akauliza kama treni ya umeme ina mahali pa kuweka sanduku.

Yeye ndiye analipa nauli ya mama.

Lile la kuwa wa hamsini nimemwambia dogo asubuhi tukiwa tunachota maji. Akacheka, akasema hawezi kuwa wa hamsini. Nikamwambia haya, lakini ukiwa? Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama simu nitakuwa nimewasha usiku. Nimemwambia itakuwa imewashwa.

Mama bado analalamika, ila tangu jana analalamikia sweta: anasema za dukani ni nyepesi. Kamtuma mtu Lushoto amletee nzito. @mkaazi_kanyenye, anauliza pia akija na machungwa gunia moja atakuta nani wa kubadilishana naye asali.

mkaazi_kanyenye

Mwambie aje na gunia mbili.